Nani Aliandika Dola 50?

Mwaka wa 2021, jamaa niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja Nairobi alikuwa na tabia ya kushika simu kabla hata ya kupiga mswaki. Meseji hakuwa na haja nazo. Alikuwa anaangalia grafu. Binamu yake aliyeko Texas alikuwa amemnunulia kadi ya mchezaji chipukizi wa NBA, karatasi ngumu ya kukaa kiganjani, kwa pesa ambazo zingelipa kodi yetu ya miezi miwili. Kadi yenyewe ilibaki kwenye droo huko Texas. Yeye alibaki na mstari kwenye skrini. Asubuhi moja ananiambia, "Buda, imepanda." Wiki inayofuata, kimya.

Mimi sikusanyi kadi. Lakini ule mstari ulinisumbua. Karatasi haijabadilika, mchezaji hakucheza jana usiku, na bado bei imesonga. Sasa mstari unapima nini? Nikaanza kusoma, na nikakuta kwamba hata bei ya kadi ina mwanzo wake, na kuna watu waliokaa chini wakaiandika.

Kadi zilianza kama takataka nzuri. Kati ya 1909 na 1911, kampuni ya American Tobacco ya Marekani ilikuwa ikitia picha za wachezaji wa besiboli ndani ya pakiti za sigara. Mmoja wao alikuwa Honus Wagner wa Pittsburgh. Kadi yake iliondolewa mapema. Wengine husema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, wengine husema alitaka alipwe. Vyovyote iwavyo, zilizobaki ni chache mno. Zinazojulikana leo ni kama 60 hivi.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kadi kama hiyo ni ya pesa ngapi, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kutazama. Aliyepatengeneza ni Jefferson Burdick, mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya umeme huko Syracuse, jimbo la New York. Burdick alikuwa na ugonjwa wa baridi yabisi uliomkunja viungo, na hakuwa tajiri. Katika miaka ya 1930 alianza kuorodhesha kadi zote alizozijua, akazipa alama na kuziwekea bei. Hiyo T206 unayoisikia kwenye minada ni alama yake yeye. Kadi nyingi aliziwekea senti tu. Wagner akamwandikia dola 50.

Hebu tulia hapo kidogo. Kabla ya Burdick, mtu aliyekuwa na Wagner alikuwa na picha ya zamani. Baada yake, alikuwa na kitu cha dola 50. Kadi ni ile ile.

Ya pili kwenye hadithi hii ni kadi ya Mickey Mantle iliyotolewa na kampuni ya chingamu ya Topps mwaka wa 1952. Fungu lake lilifika madukani msimu ukiwa unaisha, watoto wameshahamia mambo mengine. Maboksi yakabaki ghalani miaka na miaka. Sy Berger, mtu wa Topps aliyeshiriki kuzibuni kadi hizo, alisimulia mwenyewe kwamba alijaribu kuziuza kwa bei ya kutupa, akakosa mnunuzi. Mwaka wa 1960 akazipakia kwenye tishari na kuzimwaga katika bahari ya Atlantiki. Zilizokuwa zimeshanunuliwa zilifungwa kwenye baiskeli zipige kelele, zikachanika, zikatupwa na akina mama siku ya usafi. Agosti 2022, moja iliyobaki safi iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Aliyeiuza alikuwa ameinunua mwaka wa 1991 kwa dola 50,000.

Kwa hivyo ukiuliza kwa nini Mantle ni ghali, jibu moja ni kwamba alikuwa mchezaji hodari. Jibu jingine, ambalo halipendezi sana, ni kwamba karibu kila mtu aliidharau kadi yake.

Watu walipolijua hilo, wakaacha kudharau. Katika miaka ya 1970, mwalimu wa takwimu katika chuo kikuu huko Ohio, James Beckett, alianza kuwauliza wauzaji na wakusanyaji wanalipa kiasi gani kwa kadi gani. Mwaka wa 1979 yeye na mwenzake wakatoa kitabu cha bei. Mwaka wa 1984 akaanzisha jarida la kila mwezi, lenye mishale midogo kando ya bei: wa juu kwa kadi iliyopanda, wa chini kwa iliyoshuka. Mtoto wa miaka kumi aliingia dukani na jarida mkononi, na mwenye duka akifungua lake. Mishale ile ndiyo babu wa grafu ya rafiki yangu.

Beckett alitaka kuripoti soko tu. Lakini bei ikishachapishwa, muuzaji hauzi chini yake na mnunuzi anatulia kwamba hajapunjwa. Mwezi unaofuata wakiulizwa wanalipa ngapi, wanataja waliyoisoma. Kioo kimeanza kuumba sura.

Kilichofuata Wamarekani wanakiona aibu hadi leo. Topps, iliyokuwa imelishika soko peke yake, ikapata washindani wawili mwaka wa 1981, na mwishoni mwa muongo wakawa wengi. Mitambo ya uchapishaji ikawa hailali. Wazazi walinunua maboksi mazima, wakayaficha bila kuyafungua, eti yatalipa karo ya chuo kikuu. Kosa lao ni hesabu rahisi: Mantle alipanda kwa sababu hakutunzwa, hizi zikatunzwa zote. Mgomo wa wachezaji wa Agosti 1994 ukazidisha kiu ya watu kukatika. Leo boksi la wakati huo unaweza kulipata kwa bei isiyofika mbali na ya siku lilipotoka dukani, na shilingi imeshuka mara ngapi tangu hapo.

Kama ulikuwa Kenya mwaka wa 2013 unalijua somo hili bila kadi. Ulikuwa mwaka wa kware. Mayai yake yalisemekana kutibu kila kitu, bei ikaruka, na kila aliyekuwa na kibanda nyuma ya nyumba akaanza kufuga. Waliopata pesa za kweli waliuza vifaranga kwa wageni wa biashara. Kufikia 2014 kila mtu alikuwa na mayai na hakuna aliyekuwa na mnunuzi.

Soko la kadi lilijiokoa kwa kubadilisha swali. Badala ya kuuliza ni kadi gani, likauliza ni nzuri kiasi gani. Mwaka wa 1991 ilianzishwa kampuni ya PSA huko California, ambayo unaipelekea kadi yako, inaipa daraja kati ya 1 na 10, kisha inaifungia ndani ya plastiki ngumu. Gikomba wanaelewa: bale ni moja, lakini nguo ya kamera na ile ya chini ya bale haziongei bei moja. Ghafla, kadi yenye mamilioni ya ndugu ikawa adimu tena, ilimradi pembe zake hazijaguswa.

Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA ilikuwa Wagner. Mcheza hoki Wayne Gretzky na mshirika wake walikuwa wameinunua mwaka huo wa 1991 kwa dola 451,000. Ikapewa daraja la 8, ajabu kwa karatasi ya umri ule. Mwaka wa 2000 ikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 1.2, na 2007 kwa milioni 2.8. Kisha mwaka wa 2013 dalali wa minada Bill Mastro, aliyewahi kuimiliki, akakiri mbele ya mahakama kwamba alikuwa ameikata kingo. Kipimo ambacho wengine wote walipimwa baada yake kilianza na kadi iliyopitishwa mkasi.

Na bado bei za Wagner hazikuanguka. Nyingine, chakavu, ilivuka dola milioni 6 mwaka wa 2021.

Mwaka huo ndio wa rafiki yangu. Dunia ilikuwa imefungiwa ndani na korona, watu wana muda na wengine wana pesa za msaada wa serikali. Januari 2021, kadi ya Michael Jordan ya Fleer ya 1986, daraja la 10, iliuzwa kwa dola 738,000. Kadi hiyo si ya pekee: za daraja hilo ziko zaidi ya 300. Machi, PSA ikasimamisha kwa muda huduma zake nyingi kwa kulemewa na mzigo. Mei, maduka ya Target yakaacha kwa muda kuuza kadi baada ya watu kupigana nje ya tawi moja huko Wisconsin. Mwaka uliofuata Jordan yule yule, daraja lile lile, alikuwa akiuzwa chini ya theluthi ya bei ile.

Hapo ndipo nilipouelewa ule mstari. Kila nukta juu yake ni mtu mmoja aliyelipa kiasi fulani siku fulani. Haikuahidi kwamba kuna mtu wa pili. Wale wenye Jordan wengine 300 waliiona dola 738,000 wakajihesabia utajiri, lakini pesa hizo zilikuwa zimeshaingia mfukoni mwa mwingine.

Kadi ya rafiki yangu nayo ilishuka, ikashuka, hadi akaifuta ile programu kwenye simu. Krismasi moja binamu alikuja likizo, akaileta. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuishika. Aliigeuza akasoma takwimu za nyuma, urefu, uzito, chuo alichosoma kijana yule. "Kumbe ni kadogo hivi," akasema.

Burdick alikufa mwaka wa 1963. Miaka yake ya mwisho aliitumia katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, alikolipa zawadi mkusanyo wake wa vipande zaidi ya 300,000. Akiwa na vidole vilivyokakamaa alizibandika kadi zake kwenye albamu, moja baada ya nyingine, kwa gundi. Yeyote anayejua soko la leo atashika kichwa: gundi nyuma ya kadi huua daraja, na daraja likifa bei nayo imekwenda. Wagner wake yumo humo. Mtu aliyetuandikia dola 50 alihakikisha ya kwake haitauzwa kamwe.