Kinga na milima ya ziwa letu: kwa nini kushuka kunaua kuliko kupanda

Hapa Kalemie baiskeli tunaiita kinga. Kila asubuhi zinaingia mujini zikitoka vijijini, zimebeba makala, mihogo, bidon za mafuta ya ngazi, mara na kuku wamefungwa miguu kwenye usukani. Mara nyingi mwenye kinga hakai juu yake, anaisukuma tu, ameinama, jasho linatoka. Tumezoea kumuona, hatumuangalii tena.

Lakini kuna inchi ambako watu wanalipa pesa nyingi ili wapande milima na kinga, kwa furaha tu, juu ya kuona mbali. Wanahesabu milima waliyopanda sawa vile mtu anahesabu watoto wake. Katika makala hii tunaeleza mlima ni kitu gani kwa mtu wa kinga: unapimwa namna gani, unapandwa namna gani, na sana sana unashukwa namna gani. Mfano wetu mkubwa ni barabara moja iliyo kwenye ziwa hili hili letu, upande wa kaskazini, inchi ya Burundi: barabara ya Bujumbura hadi Bugarama.

Mlima unapimwa namna gani

Ziwa Tanganyika liko karibu metri 770 juu ya bahari, na milima inalizunguka karibu kila upande. Mtu akitoka kando ya maji, mara nyingi lazima apande. Ndugu wa Moba wanajua: bandari iko chini, misioni ya Kirungu, ambayo Mapadri Weupe waliianzisha mwaka 1893, iko juu mlimani.

Sisi wa Kalemie tuna bahati kidogo. Mto Lukuga unatoka katika ziwa hapa kwetu na kwenda magharibi, na bonde lake ni mlango uliokwisha kufunguliwa na maji. Reli ya kutoka Kabalo ilifuata bonde hilo, ikafika hapa mwaka 1915. Treni haipendi mupando.

Pale ambapo hakuna mto wa kufungua njia, barabara inatafuta sehemu iliyo chini kidogo katika mgongo wa mlima na kuvuka pale. Wafaransa wanaita sehemu hiyo col. Sisi tuseme mlango wa mlima.

Ukali wa mupando unahesabiwa kwa asilimia. Ukisikia asilimia 8, maana yake ni kwamba ukienda metri 100 umepanda metri 8. Asilimia 4 mtu mwenye kinga tupu anapanda polepole akiwa amekaa. Asilimia 8 na kinga ya hapa kwetu, wengi wanatelemuka na kusukuma. Ukiongeza mzigo, hakuna tena cha kuuliza.

Bugarama: kutoka ziwani mpaka mgongo wa Kongo na Nili

Bujumbura iko kando ya ziwa, urefu wake juu ya bahari ni karibu sawa na wa Kalemie. Bugarama iko karibu metri 2,200. Kati yao ni kilometa kama 35 za barabara ya kaburimbo yenye kona nyingi, ile barabara namba 1 inayoendelea mpaka Kayanza na mpaka wa Rwanda. Mtu anapanda karibu metri 1,400 katika safari moja. Ukifika kule juu umefika kwenye mgongo unaogawanya maji: mvua ikinyesha upande mmoja, maji yanakwenda mto Kongo, ikinyesha upande wa pili, yanakwenda mto Nili.

Kule juu ni baridi, kuna ukungu, na mashamba ni ya kijani mwaka mzima. Ziwa unaliona chini, mbali sana. Ni kati ya barabara nzuri kabisa za eneo letu kwa mwenye nafasi ya kusimama na kuangalia.

Watu wa kinga hawana nafasi hiyo. Wao wanateremsha ndizi, makala na vyakula vingine ili viuzwe Bujumbura. Mzigo wa kilo 100 si ajabu. Wanashuka mbio, wamelalia usukani, wanapita magari. Halafu, kinga ikiwa tupu, lazima warudi juu. Hapo ndipo wengi wanashika lori kwa nyuma na mkono mmoja, wanavutwa mpaka juu. Wakati mwingine unaona watatu ao wanne wameshika lori moja.

Ni rahisi kuwaita wajinga. Tuhesabu kwanza. Kijana mwenye nguvu, na kinga tupu, anahitaji masaa matatu ao manne kupanda metri 1,400 kwa miguu yake. Akishika lori, anafika mapema na hajachoka. Tofauti hiyo ndiyo safari ya pili ya siku, na safari ya pili ndiyo chakula cha nyumba. Kwa hiyo anayemwambia aache lori, amwambie pia watoto watakula nini.

Wazungu nao walisukuma

Mbio ya Tour de France ndiyo iliyofanya milima ya kinga ijulikane dunia nzima. Mwaka 1910 ilipita mara ya kwanza kwenye mlango wa mlima wa Tourmalet, metri 2,115. Yaani Bugarama yetu iko juu kuliko Tourmalet. Barabara wakati ule ilikuwa ya mawe na udongo. Octave Lapize, aliyefika juu wa kwanza, sehemu zingine alitembea kwa miguu akisukuma, sawa vile vijana wetu. Ndiye aliyeshinda mbio ya mwaka ule.

Tena, kinga zao hazikuwa na vitesi, ao gia, kama tunazoziona leo katika televisheni. Wakubwa wa mbio walikataza chombo cha kubadilisha mnyororo mpaka mwaka 1937. Mkimbiaji akitaka kupanda, alisimama, akatoa gurudumu la nyuma, akaligeuza upande wenye meno mengi. Kinga nyingi za Kalemie mpaka leo zina kitesi kimoja tu. Kwa hiyo kijana anayesukuma mlimani hana uvivu: chombo chake ndicho kinamfikisha pale.

Leo milima hiyo ni kama makumbusho. Alpe d'Huez ina kilometa karibu 14 na kona 21, kila kona ina namba yake. Galibier inafika metri 2,642. Watu wanatoka pande zote za dunia kwenda kuipanda.

Afrika nayo imeingia. Biniam Girmay wa Eritrea, aliyekulia Asmara, muji ulio juu ya metri 2,300, alishinda siku tatu za Tour de France mwaka 2024 na kuchukua jezi ya kijani. Mwezi wa 9 mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabara yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara letu. Katika mbio ya wanaume, kilometa 267.5, walipanda jumla ya metri zaidi ya 5,400. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu.

Wengi katika inchi yetu hawakuangalia mbio ile kwa roho safi. Goma ilikuwa imeanguka mwezi wa kwanza mwaka ule, Bukavu mwezi wa pili. Bunge la Ulaya lilikuwa limeomba mashindano yafutwe kama Rwanda haibadilishi mwenendo. Tunayasema hayo juu ya msomaji asidhani tumesahau. Lakini hesabu ya mlima haijui mpaka, na mbio ile ilionyesha jambo moja: hata mtu mwenye kinga ya bei ya gari, mlima unamchagua.

Moto ulio ndani ya freni

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Watu wanafikiri hatari ya mlima ni kupanda. Kupanda kunachosha, lakini aliyechoka anasimama. Anayeshuka, akitaka kusimama, lazima freni ikubali.

Umeme wa Kalemie unatoka Bendera. Maji yanaanguka kutoka juu ya mlima, na nguvu ya kuanguka kwake inageuka kuwa taa katika nyumba zetu. Mzigo unaoshuka mlima nao una nguvu ya namna hiyo hiyo. Nguvu hiyo haipotei. Kama haiwi mbio, lazima iwe moto, na moto huo unaingia katika freni.

Tuchukue mfano: mtu wa kilo 60, kinga ya kilo 20, mzigo wa kilo 100. Jumla ni kilo 180, zinashuka metri 1,400. Upepo unachukua sehemu ya nguvu hiyo. Lakini kama yote ingeingia katika freni, moto wake ungetosha kuchemsha karibu litri 7 za maji. Na moto huo wote unaangukia vipande vidogo vya raba vinavyobana rimu. Raba inalainika, inateleza, inakwisha. Rimu ikipata moto sana, chupa ya ndani ya pine inaweza kupasuka. Ndiyo maana freni iliyofanya kazi vizuri kule juu inaweza kukataa kwenye kona ya kumi.

Tena kuna mbio yenyewe. Mbio ikizidi mara mbili, nafasi ya kusimamia inazidi mara nne. Kijana anayesema "nitafunga freni nikifika karibu na kona" amekwisha kuchelewa.

Ndugu wa Goma walielewa jambo hilo zamani katika chukudu zao, zile za mbao zinazoshusha makala, viazi na mboga. Nyuma kuna kipande cha raba kinachokanyagwa kwa mguu na kubana gurudumu. Ni kitu cha bei ndogo, lakini mguu una nguvu kuliko vidole, na uzito wa mtu unasaidia. Wengi wa kinga nao wanakanyaga pine ya nyuma na kandambili. Inasaidia kidogo, ila ukifanya hivyo unabaki na mguu mmoja wa kujishikilia.

Namna ya kushuka

Haya yanafaa Bugarama, yanafaa Kirungu, yanafaa mupando wowote wa jimbo letu.

Kagua freni ukiwa bado juu, kinga ikiwa imebeba mzigo. Isukume hatua chache, ufunge. Kama haisimami pale, chini haitasimama. Raba mpya ni pesa kidogo kuliko mzigo mmoja wa makala.

Funga mzigo chini, uzito sawa pande zote mbili. Mzigo ulio juu unakusukuma nje kwenye kona.

Anza polepole na ubaki polepole. Ni rahisi kuzuia mbio isizaliwe kuliko kuiua ikiisha kukomaa.

Tumia freni zote mbili, bana na kuachia. Usibane kilometa nzima bila kupumzisha. Simama mara kwa mara mpaka rimu ipoe, na usiiguse kwa mkono.

Mvua ikinyesha, ngoja. Rimu yenye maji haishikwi vizuri na raba, na kaburimbo yenye mafuta na matope inateleza.

Sehemu kali, telemuka, utembee. Si haya. Lapize alitembea na akashinda.

Na lori usilishike. Shofere hakuoni. Mkono mmoja hautoshi kuongoza wala kufunga freni. Lori likiingia kona, magurudumu yake ya nyuma yanakata upande wa ndani, na wewe uko hapo hapo. Likipiga shimo na kusimama, huna nafasi.

Kazi si ya kijana peke yake

Kumwambia mtu "usishike lori" bila kumpa njia nyingine ni maneno tu. Njia ipo: lori linalopanda tupu linaweza kupakia kinga na wenyewe ndani, kila mtu akatoa pesa kidogo. Chama cha watu wa kinga kinaweza kupatana na wenye malori bei inayojulikana. Wanunuzi wa makala nao, wanaopata faida kubwa kuliko mbebaji, wanaweza kuweka akiba ya raba za freni. Hatuhitaji kungojea mradi kutoka mbali kwa hayo.

Asubuhi ya kesho kinga zitaingia tena mujini. Ukinunua makala ao mafuta, angalia freni ya yule aliyekuletea. Kama raba zimekwisha, mwambie. Ukiweza, mwongezee franka za kununua nyingine. Yeye atarudi tena kushuka mupando ule ule.