Sayyid Barghash Mjini London, 1875: Matembezi, Siasa na Ushahidi wa Maandishi

Neno kutembea katika Kiswahili lina maana mbili ambazo aghalabu haziachani: kwenda kwa miguu, na kwenda kuzuru watu au mahali kwa ajili ya kuburudika. Aendaye kutembea hudhaniwa kuwa hana haja nyingine ila kuona na kufurahi. Ndivyo ilivyosimuliwa mara nyingi ziara ya Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliyeingia London mwezi wa Juni 1875 na kukaa Uingereza hadi katikati ya Julai: mfalme wa Mashariki aonyeshwa maajabu ya Magharibi, astaajabu, ashukuru, kisha arudi kwao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba furaha ya mgeni yule haikuwa ya uongo, lakini ilikuwa na bei, na kwamba bei hiyo haionekani vyema mpaka maandishi ya pande zote yasomwe kwa pamoja.

Asili ya Safari

Sayyid Barghash alishika utawala mnamo Oktoba 1870, na miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya misukosuko. Tufani ya Aprili 1872 iliangamiza merikebu zake na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Kabla hajatengeneza yaliyoharibika, Sir Bartle Frere aliwasili mwaka 1873, ametumwa na serikali ya Uingereza kudai biashara ya watumwa ya baharini ikomeshwe. Sultani alikataa kwanza. Alipotishwa kwamba kisiwa kingezingirwa kwa manowari, alitia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Mwaliko wa kwenda London ulikuja baada ya hayo. Hapana budi ikumbukwe, basi, kwamba mwenyeji na mgeni hawakukutana kama watu wasiojuana. Aliyealikwa karamuni alikuwa ametishwa kwa mizinga miaka miwili tu iliyotangulia, na aliyemsindikiza safarini, Dr. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, ndiye aliyekuwapo pia wakati wa kutishwa kule. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika safari hii yafaa kuuliza ni nani hasa aliyetazamiwa kupona.

Majira na Mji

Sayyid Barghash aliondoka Zanzibar mwezi wa Mei, masika yakielekea kwisha na upepo wa kusi umekwisha kushika. Lakini yeye alisafiri kwa meli ya moshi, chombo kisichongojea msimu, akapita katika Mfereji wa Suez uliokuwa umefunguliwa mwaka 1869. Alipofika London, kwao Unguja kulikuwa kunaingia kipupwe, majira ya baridi kidogo, na huko alikofikia kulikuwa ndiko kunaingia majira ya joto. Hapa msamiati wa pwani hauna neno lililo sawa kabisa. Kaskazi ni wakati wa joto na wa upepo utokao kaskazini. Kiangazi ni wakati wa jua na ukavu. Majira ambayo watu wa London huyasubiri mwaka mzima, siku zikawa ndefu, bustani zikajaa watu, na wakuu wakafanya karamu kila usiku, hayamo katika hesabu ya miezi ya mabaharia.

Kubwa zaidi ni urefu wa mchana. Unguja iko nyuzi 6 kusini ya Ikweta, na mchana wake haupungui wala hauzidi sana saa kumi na mbili mwaka mzima. Hesabu ya saa ya Kiswahili imejengwa juu ya ukweli huo: jua lichwapo ni saa kumi na mbili, na saa moja inayofuata ni ya usiku. Mjini London, mwishoni mwa Juni, mchana huzidi saa kumi na sita. Kwa mtu aliyezoea sala ya magharibi ije kwa wakati ule ule karibu kila siku, jua lisilotaka kuchwa lilikuwa ajabu lisilohitaji kuonyeshwa na mwenyeji yeyote.

Mji wenyewe ulikuwa katika kilele cha nguvu zake. Reli ya chini ya ardhi ilikuwa imefanya kazi tangu 1863, na barabara mpya ya kandokando ya mto Thames ilikuwa imefunguliwa mwaka 1870. Sultani alipokewa na Malkia Victoria katika ngome ya Windsor. Alipelekwa Crystal Palace, jumba la vioo na chuma lililojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1851 na kuhamishiwa Sydenham mwaka 1854, ambalo liliteketea kwa moto mwaka 1936. Alipelekwa pia katika miji ya viwanda, ikiwamo Birmingham, Manchester na Liverpool. Ratiba hii haikupangwa ovyo. Windsor ilionyesha heshima ya dola, Crystal Palace ilionyesha utajiri wake, na miji ya viwanda ilionyesha asili ya utajiri huo, pamoja na bidhaa ambazo soko la Zanzibar lilitazamiwa kuzinunua.

Kumbukumbu ya safari kwa upande wa Sultani iliandikwa na Zahir bin Said, karani aliyekuwa katika msafara, na ilichapishwa kwa Kiarabu mjini London mwaka 1878. Jina la kitabu, *Tanzih al-absar wa-l-afkar*, laweza kufasiriwa kuwa ni kuyaburudisha macho na fikira. Neno lenyewe lina shina moja na nuzha, yaani matembezi ya kujifurahisha. Mwandishi hakuona aibu kuitaja furaha katika kichwa cha kitabu, na msomaji wa leo hana sababu ya kumkanusha. Hata hivyo jina hilo halisemi macho tu. Lasema na fikira. Mfalme aliyekwenda kuona alikwenda pia kupima.

Na alikuwa na mengi ya kupima. Tarehe 14 Julai 1875, matembezi yakikaribia mwisho, mkataba wa nyongeza ulitiwa sahihi papo hapo London ili kufafanua ule wa mwaka 1873. Karamu na mikataba zilikwenda pamoja.

Dada Asiyeonekana

Kati ya watu waliokuwa London majira yale alikuwapo mmoja ambaye hakualikwa popote. Naye ni Sayyida Salme, binti Sayyid Said, aliyeitwa wakati huo Emily Ruete. Alikuwa ametoroka Zanzibar mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa na Mjerumani mfanyabiashara mnamo 1867, kisha akafiwa na mumewe mjini Hamburg mwaka 1870, akabaki na watoto watatu wadogo. Aliposikia kwamba kaka yake anakuja Ulaya, alikwenda London akitumaini kupatana naye.

Uhusiano wao ulikuwa wa zamani na wa hatari. Mwaka 1859 Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid, Salme, aliyejifundisha kuandika kwa siri, ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za waasi, ilhali hajatimiza umri wa utu uzima. Waasi walijizatiti katika shamba lililoitwa Marseilles, jina la mji wa Ufaransa lililopachikwa juu ya mikarafuu ya Unguja. Walishindwa, na Barghash akahamishiwa Bombay. Kwa hiyo kalamu ya dada ilikuwa imekwisha kumtumikia kaka kabla hajawa mfalme.

Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, Salme asimulia kwamba Sir Bartle Frere, yule yule wa mwaka 1873, alimjia na kumtaka achague: ama kupatana na kaka yake, ama maisha ya watoto wake. Akijitenga na Sultani muda wote wa ziara, serikali ya Uingereza ingewatunza watoto. Mama alichagua watoto. Sultani alipokwisha kuondoka, alijibiwa kwamba, kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa Mjerumani, jambo lake lilihusu serikali ya Ujerumani. Hivyo alikosa yote mawili.

Huu ni ushahidi wa upande mmoja, wa mtu aliyeumizwa, nao yafaa usomwe kwa hadhari. Haithibitiki kwamba Barghash angekubali kuonana naye; mwaka 1885, Salme alipofika Zanzibar katika manowari za Kijerumani, alimkataa katakata. Lakini mwaka 1875 swali hilo halikuachwa lijibiwe na kaka mwenyewe. Mwenyeji alihofia kumkera mgeni, akaufunga mlango kabla haujabishwa.

Baada ya Kurudi

Imezoeleka kuyahesabu maendeleo ya Unguja ya miaka iliyofuata kuwa ni matunda ya London: maji ya bomba kutoka Chemchem, mtambo wa kupigia chapa, meli za moshi, na jumba la Beit al-Ajaib la mwaka 1883. Dai hili lina ukweli, ila lapasa kupunguzwa. Barghash alikwisha kuishi Bombay kati ya 1859 na 1861, na huko aliujua mji mkuu wa bandari wenye mamlaka ya Kiingereza. London yaelekea ilithibitisha aliyokwisha kuyaona.

Kisiasa, faida ilionekana upesi. Mwishoni mwa 1875 majeshi ya Khedive wa Misri yaliingia Barawa na Kismayu, na Uingereza ikashurutisha yaondoke. Sultani naye mwaka 1876 alipiga marufuku misafara ya watumwa ya bara. Lakini mnamo 1886 serikali ile ile iliyomkirimu ilipatana na Ujerumani kwamba milki yake ya mwambao isizidi ukanda wa maili 10 kutoka baharini. Alifariki Machi 1888.

Hitimisho

Yafaa wanaisimu na wanahistoria watazame lugha za ushahidi huu. Mfalme alitoka katika mji ambao Kiswahili kilisikika katika kila mtaa, naye dada yake aliandika kwamba Kiswahili kilikuwamo miongoni mwa lugha zilizosemwa nyumbani kwa baba yao. Hata hivyo safari yajulikana kwa Kiarabu cha karani, kwa Kiingereza cha magazeti na hati za serikali, na kwa Kijerumani cha dada. Masimulizi ya Ulaya yaliyochapishwa kwa Kiswahili yalikuja baadaye, kwa watu kama Amur bin Nasur, aliyefundisha lugha hiyo Berlin, na Selim bin Abakari, aliyezuru Urusi mwaka 1896.

Kila moja kati ya lugha hizo tatu yahifadhi sehemu. Asomaye kitabu cha karani peke yake atapata matembezi bila bei. Asomaye mkataba peke yake atapata bei bila matembezi. Na asomaye kumbukumbu za Salme peke yake ataiona London kama mji wa milango iliyofungwa. Mwalimu atakayeyaweka maandishi hayo matatu mbele ya wanafunzi wake, katika tafsiri ya Kiswahili iliyo makini, atakuwa amewapa historia ya majira yale kwa ukamilifu zaidi kuliko ilivyowahi kusimuliwa na yeyote kati ya waliokuwapo.