Fahamu: Namna ya kuchagua aina ya namba unaposhughulika na biti katika lugha ya C

Kuna kosa dogo la programu linaloweza kufanya jokofu lenye nyuzi 8 za joto lisomeke kuwa liko nyuzi 8 chini ya sifuri. Kipimajoto ni kizima, waya ni mzima, na hesabu imeandikwa vizuri. Kilichokosewa ni neno moja tu: aina ya namba aliyoichagua mwandishi wa programu.

Katika makala haya tunaeleza kosa hilo linavyotokea na linavyoepukwa. Tunawalenga zaidi wasikilizaji wetu wanaojifunza kuandika programu, lakini hata kama hujawahi kuandika mstari mmoja, fuatana nasi. Hesabu tutakazotumia ni za kujumlisha na kugawanya tu.

Biti na baiti ni nini?

Biti ni kama swichi ya taa: imewashwa au imezimwa, 1 au 0. Biti 8 zikipangwa pamoja huitwa baiti. Kuanzia kulia, swichi hizo zina thamani ya 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128. Ukitaka kuandika 5, unawasha swichi ya 4 na swichi ya 1. Ukiziwasha zote nane unapata 255.

Na namba hasi je? Hapo mwandishi wa programu huiambia mashine kwamba namba hii ina alama. Swichi ya kushoto kabisa, iliyokuwa na thamani ya 128, sasa inahesabiwa kuwa -128. Kwa hiyo baiti isiyo na alama hubeba namba kutoka 0 hadi 255, na yenye alama hubeba kutoka -128 hadi 127.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Swichi zenyewe hazibadiliki. Mpangilio 1000 0000 ni 128 kwa anayesoma bila alama, na ni -128 kwa anayesoma kwa alama.

Kwa nini lugha ya C inahitaji uangalifu?

Lugha ya C ilitengenezwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell Labs nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mpaka leo hutumika sana katika vifaa vidogo kwa sababu inamruhusu mwandishi kugusa biti moja kwa moja.

Lakini aina zake za zamani za namba hazina upana mmoja kila mahali. Kanuni za C zinasema char iwe na biti zisizopungua 8, int zisizopungua 16, na long zisizopungua 32. Zaidi ya hapo ni uamuzi wa mashine na kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi yako kuwa maelekezo ya mashine. Kwenye matoleo ya awali ya bodi ndogo ya Arduino Uno, int ina biti 16. Kwenye simu ya kisasa ina biti 32.

Aina ya char ina fumbo la ziada: kanuni haziamui kama ina alama au haina. Kwenye kompyuta nyingi za mezani zenye chipu za Intel huwa na alama. Kwenye simu za Android zenye chipu za ARM huwa haina.

Mfano: kipimajoto ndani ya jokofu la chanjo

Chanjo nyingi za kawaida huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Zikizidi joto hupungua nguvu. Nyingine, kama za pepopunda na homa ya ini aina ya B, huharibika zikiganda. Kwa hiyo kipimo kinachodanganya, kwa upande wowote ule, kina gharama kwa watoto wanaosubiri sindano.

Tuseme jokofu limefungwa kihisi cha joto kiitwacho DS18B20, ambacho ni maarufu kwa wanaojitengenezea vifaa. Kihisi hiki hutuma kipimo kwa baiti mbili, ya chini kwanza, kisha ya juu. Kila hatua moja ni sehemu ya 16 ya nyuzi. Kwa hiyo nyuzi 5 hutumwa kama 80, na nyuzi 8 hutumwa kama 128. Kazi ya programu ni kuunganisha baiti hizo mbili, kisha kugawa kwa 16.

Sasa mwandishi ameiweka baiti ya chini ndani ya char, na kwenye mashine yake char ina alama. Jokofu likiwa na nyuzi 5, baiti ni 80, na jibu ni sahihi. Hata 7.9375 inasomeka sawa, kwa kuwa baiti ni 127. Joto likifika 8 kamili, baiti inakuwa 128, swichi ya kushoto inawaka, na char inaisoma kama -128.

Kabla ya kuunganisha, C huipanua baiti hiyo iwe int. Kwa kuwa inaiona ni hasi, hujaza 1 katika nafasi zote mpya za upande wa kushoto. Hizo 1 zinafunika kabisa baiti ya juu. Jibu linakuwa -128, na ukigawa kwa 16 unapata -8.

Mhudumu anayeamini kioo atapandisha joto la jokofu ambalo tayari linafika mpaka wa juu. Au atazitupa chanjo nzima akidhani zimeganda.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba linajificha. Chumbani kukiwa na nyuzi 20, kipimo ni sahihi. Zikifika 25, kinasema -7. Na programu ileile ikijaribiwa kwenye simu ya Android, huenda isionyeshe kasoro yoyote.

Dawa yake

Tangu toleo la mwaka 1999, kanuni za C zina faili iitwayo stdint.h, yenye aina za namba zinazotaja upana na alama waziwazi. uint8_t ni biti 8 bila alama. uint16_t ni biti 16 bila alama. int16_t ni biti 16 zenye alama. Ile herufi u ya mwanzo ndiyo inayosema "bila alama".

Programu yetu sasa inaandikwa hivi:

uint8_t chini, juu;
(hapa baiti mbili zinasomwa kutoka kwenye kihisi)
uint16_t biti = ((uint16_t)juu << 8) | chini;
int16_t kipimo = (int16_t)biti;
float joto = kipimo / 16.0f;

Angalia mpangilio wake. Tunaposogeza na kuunganisha biti, tunatumia aina zisizo na alama. Alama inarudi mwishoni, kwa sababu joto linaweza kweli kushuka chini ya sifuri. Tukiisahau hatua hiyo, nusu nyuzi chini ya sifuri, ambayo kihisi huituma kama 65,528, itasomeka kuwa nyuzi 4,095.5.

Mitego mingine ya kukumbuka

- Usiandike 1 << 31 ukitegemea int ya kawaida. Unagusa biti ya alama, na kanuni hazisemi matokeo yatakuwa nini. Andika (uint32_t)1 << 31.
- Usisogeze namba kwa hatua zinazolingana na upana wake au kuuzidi. Namba ya biti 32 husogezwa hatua 0 hadi 31 tu.
- Kusogeza namba hasi kulia kumeachiwa kompaila iamue. Ukitaka kugawa, gawa.
- Alama ya ~ hugeuza kila biti, lakini C huipanua baiti kwanza. Ukiwa na uint8_t yenye 15, ~ hukupa -16, si 240. Irudishe kwenye upana wake: (uint8_t)~x.

Maswali matatu kabla ya kuandika

Kwanza, hiki ni kifurushi cha biti au ni kiasi cha kitu? Kama ni biti, chagua aina isiyo na alama. Pili, ni biti ngapi hasa? Chagua aina inayoutaja upana huo. Tatu, kiasi chenyewe kinaweza kushuka chini ya sifuri? Kama ndiyo, mpe alama mwishoni, baada ya kazi ya biti kwisha.

Kisha jaribu programu yako mipakani, si katikati tu. Kwa kipimajoto chetu, mpe 127 na 128, mpe 0, mpe 65,528. Programu iliyojaribiwa kwa nyuzi 5 peke yake haijajaribiwa.