Samaki wa Ziwa Tanganyika na wa Nyasa: Unaweza kuwafuga tangi moja?

Umeingia duka la samaki wa mapambo. Umependa wale wa njano wenye mistari myeusi, ukapenda na wale weusi wenye madoa meupe. Muuzaji anakwambia, "Chukua wote tu kaka, hawa ni wa maziwa yetu." Wiki chache baadaye, asubuhi unakuta mmoja anaelea. Kesho yake mwingine.

Jibu fupi: baadhi yao wanaweza kukaa pamoja, lakini kama ndiyo unaanza kufuga, usijaribu. Na kinachowaua mara nyingi siyo maji.

Hawa ni siklidi, ukoo mmoja na perege, sato na furu. Mamia ya aina zao hawapatikani kokote duniani zaidi ya maziwa haya mawili (Nyasa ndilo wenzetu wa upande wa pili wanaloliita Malawi). Ndiyo maana wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawalipia pesa nyingi.

Kwa upande wa maji, tofauti ni ndogo. Maziwa yote mawili yana maji magumu, yenye madini mengi. Kipimo cha pH kwa Tanganyika hukaribia 9, Nyasa huwa kwenye 8 hivi. Joto la nyuzi 24 hadi 27 linawafaa wote. Ukilinganisha na goldfishi, ambaye anapenda maji ya baridi zaidi na anachafua tangi haraka, hawa ni kama majirani.

Shida inaanza kwenye chakula

Wale weusi wenye madoa meupe mara nyingi ni Tropheus duboisi wadogo, wa Tanganyika. Wakikua madoa yanapotea, kichwa kinakuwa na rangi ya bluu na mwili unavaa mkanda mweupe au wa njano. Ziwani wanakwangua mwani kwenye mawe siku nzima, na utumbo wao ni mrefu kwa ajili ya kazi hiyo.

Sasa ukiwachanganya na samaki wanaohitaji nyama, mfano funza wekundu wa kugandishwa, utawalishaje? Huwezi kumwambia Tropheus asile. Atakula, tena kwa pupa. Baadaye anaacha kula, anatoa kinyesi cheupe kama uzi, tumbo linavimba. Ikifika hapo, kumwokoa ni kazi kweli.

Na ubabe je?

Hapa wa Nyasa ndio wanaongoza, hasa mbuna, wale wanaoishi kwenye miamba. Yule wa njano mwenye mistari, Melanochromis auratus, akiwa dukani anaonekana mpole. Akikomaa akawa dume mbabe, rangi inageuka: mwili unakuwa mweusi na mistari inabaki ya rangi ya mwanga. Kuanzia siku hiyo tangi ni lake. Binafsi ningemwacha dukani, awe mzuri vipi.

Mweke sasa pamoja na Neolamprologus multifasciatus wa Tanganyika, ambaye dume lake halizidi sana sentimita 4 na anaishi ndani ya kombe tupu la konokono. Huyo hatoki nje hata kula.

Hata kutoka ziwa moja siyo uhakika. Aulonocara naye ni wa Nyasa, ila ni mtulivu, anatafuta wadudu kwenye mchanga. Akiwekwa na mbuna wakali ananyang'anywa chakula na rangi yake nzuri inafifia kwa woga.

Kama unataka kuanza, chagua ziwa kwanza, halafu samaki. Ukiwa na tangi dogo la lita 60, kundi la wale wa makombe peke yao linatosha: mchanga, makombe mengi kuliko idadi ya samaki, basi. Mbuna wanahitaji lita 200 na kuendelea, na mawe ya kujificha. Labidochromis caeruleus, wa njano tupu, ni mpole kuliko mbuna wengi. Weka dume mmoja kwa majike kadhaa.

Ukinunua mpya, usimmwage humo humo siku hiyo. Mtenge kwenye chombo chake wiki 3 au 4 umwangalie kama anakula, kama anajisugua kwenye vitu, kama ana vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Na kama kuna mmoja amekushinda kwa ugomvi, mrudishe dukani au mpe mfugaji mwingine. Usiende kumtupa mtoni.