Spana na Ua wa Kambi: Kiongozi na Timu Yake, Kutoka Chita hadi Vyuo Vikuu vya China

Katika maabara nyingi za vyuo vikuu vya China, mwanafunzi wa uzamivu humwita msimamizi wake laoban, yaani bosi, akishampa kisogo. Mbele yake humwita mwalimu. Wanafunzi wenyewe ni ndugu: aliyetangulia ni shixiong, kaka wa mafunzo, kundi zima ni shimen, watu wa mlango mmoja. Bosi na mzazi wameketi kiti kimoja. Makala haya yanadai kwamba timu hizo hazikupungukiwa na ukaribu. Ukaribu umevuka mpaka wa kazi.

Nadharia ya mabadilishano kati ya kiongozi na mfuasi inatokana na kazi ya Dansereau, Graen na Haga ya mwaka 1975: kiongozi ana wandani wake, na ana wa pembeni wanaoambulia stahili zao tu. Juni ya mwaka huohuo mataruma ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa msaada wa China, yalifika Kapiri Mposhi, na bonde la Kilombero lilikuwa limekwisha kuona uandani wa namna nyingine.

Reli hiyo, ikitoka Ifakara kwenda Mlimba, inapita Chita, chini ya milima ya Udzungwa. Msimamizi wa Kichina na kijana wa Kitanzania mara nyingi hawakuwa na lugha ya pamoja, hivyo ufundi ulipita mkononi. Mchina anainama, anakaza nati, anailegeza, anamkabidhi kijana spana, kisha anasimama kando kutazama. Kijana akikosea, wanaanza upya. Katika mafunzo ya namna hiyo maneno matamu hayana soko; anayemkaribia mkubwa ni mwenye jicho jepesi.

Jua likizama, kila upande ulirudi kambini kwake. Wapo wanaouona utengano huo kuwa ubaridi, na kweli hotuba za udugu za serikali zetu zilikuwa na joto kuliko jioni zenyewe. Lakini ua uliotenga kambi hizo, kwa maoni yangu, uliziba njia ya hisani: ni vigumu kujipendekeza kwa mtu ambaye hujui hata anakula nini.

Kwamba safari ya mwanagenzi ilikuwa na mwisho, nalo ni jambo zito. Mwaka 1972 vijana 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, Beijing, kusomea reli ile ile, ili waishike wao.

Tukirudi vyuoni, mlango mmoja wa shimen una faida zake, sikatai. Mtanzania anayeshuka Wuhan katikati ya baridi atamshukuru shixiong aliyempokea stesheni kabla ya kumshukuru profesa yeyote. Ila profesa aliye baba huweza pia kumtuma mwana dukani, na mwana hana pa kushtaki. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu ya China ilitoa kanuni za mwenendo kwa wasimamizi wa uzamili na uzamivu, zikiwakataza, pamoja na mengine, kuwapa wanafunzi shughuli zisizohusu masomo wala utafiti. Kanuni ya namna hiyo haiandikwi pasipo na mazoea ya kukatazwa.

Chita ya leo ina kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na mashamba yake ya mpunga. Kuruta na afande hushinda katika tope moja. Jioni kuruta huenda hangani, afande kwake.