Tao la Bruxelles na Mpira wa Kongo

Mjini Bruxelles, upande wa mashariki, kuna bustani kubwa iitwayo Cinquantenaire, ndiyo kusema bustani ya miaka hamsini. Humo limesimama tao la mawe lenye milango mitatu iliyo sawa. Juu yake kuna sanamu ya farasi wanne wanaovuta gari la vita, na ndani ya gari mwanamke ameinua bendera. Mwanamke huyo ni mfano wa Brabant, jimbo la mji mkuu. Majimbo mengine ya zamani yana sanamu zao chini. Wakongomani wengi wanaokaa huko wamepita hapo, wakapiga picha. Sisi tunataka kueleza tao hilo lilijengwa kwa fedha ya nani.

Ubelgiji ulipata uhuru wake mwaka 1830. Mwaka 1880 yakafanyika maonyesho ya kukumbuka miaka hamsini, na mjenzi Gédéon Bordiau akapewa kazi ya tao. Siku ya sikukuu ilipofika halikuwa tayari. Likawekwa la mbao na plasta, watu wakashangilia mbao. Kisha kazi ikakaa miaka mingi, maana wakubwa wa Baraza hawakutaka kutoa fedha. Bordiau akafa mwaka 1904 bila kuimaliza.

Mfalme Leopold II hakuwa mtu wa kungoja Baraza. Alimwita Charles Girault, Mfaransa aliyejenga Petit Palais mjini Paris. Huyu akaacha mpango wa mlango mmoja, akachora mitatu. Mafundi walifanya kazi mchana na usiku tangu Januari 1905, hata tarehe 27 Septemba mwaka ule ule tao likafunguliwa. Watu waliambiwa kwamba ni zawadi ya matajiri wapenda nchi. Kumbe matajiri hao walikopesha majina yao tu. Fedha ilitoka kwa mfalme, na fedha hiyo ya mfalme ilitoka Kongo.

Hapa tusimame kidogo, kwa kuwa vijana wetu husikia habari hizi nusu nusu. Tangu mwaka 1885 hata mwaka 1908 Kongo haikuwa koloni ya Ubelgiji. Ilikuwa dola ya Leopold peke yake, ile serikali ambayo wazee waliiita Bula Matari. Mwaka 1896 mfalme alijitengea sehemu kubwa ya nchi, kuzunguka ziwa lililoitwa wakati ule kwa jina lake, nalo leo ni Mai-Ndombe. Faida ya sehemu hiyo ilitumiwa kujenga majumba na kupamba miji ya Ubelgiji. Na faida hiyo, je, ilikuwa nini? Mpira wa porini. Kila kijiji kilitozwa kodi ya mpira. Mwanamume aliingia msituni siku nyingi kutafuta mitambaazi yenye utomvu, na shamba lake likabaki magugu. Akikawia, mke wake alifungwa mpaka mzigo utimie. Askari naye alitakiwa kutoa hesabu ya kila risasi kwa kuleta mkono wa kuume wa mtu aliyeuawa. Na aliyepoteza risasi kwa kuwinda nyama, alikata mkono wa mtu aliye hai.

Tume iliyotumwa na mfalme mwenyewe kuchunguza mambo haya ilisikia mashahidi wengi wa Kongo. Taarifa yake ilitangazwa Novemba 1905, miezi miwili haijapita tangu sikukuu ya tao. Emile Vandervelde, mkubwa wa wasosyalisti, akasema tao hilo ni tao la mikono iliyokatwa. Jina hilo halijasahauliwa.

Na sisi Wakatoliki? Yatupasa kusema kweli: waliopiga kelele mbele ya wengine walikuwa wamisionari Waprotestanti. Wengi wa upande wetu walinyamaza, au waliona lawama zile ni hila ya Waingereza. Lakini mwaka 1906 padri Arthur Vermeersch, Myezuiti aliyefundisha teolojia ya maadili mjini Louvain, alitoa kitabu juu ya jambo la Kongo, akapima kodi ile na kazi ile ya nguvu kwa sheria ya haki, akaona hazisimami. Mtu wa namna hiyo tungependa ajulikane zaidi katika seminari zetu.

Kutoka kwenye tao huanza barabara pana iendayo Tervuren. Ilifunguliwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1897, ambapo Wakongomani 267 waliletwa ili wazungu wawatazame katika vijiji vya kuigiza. Saba walikufa kwa baridi na ugonjwa: Ekia, Kitukwa, Mibange, Mpemba, Ngemba, Nzau na Sambo. Wamelala kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili. Katika nyumba ya makumbusho iliyo karibu, ambayo pia ni kazi ya Girault, kuna ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo kabla ya mwaka 1908. Freddy Tsimba, msanii wa Kinshasa, ameandika majina ya wale saba katika vioo vya madirisha yanayouelekea ukuta huo. Jua likiwaka, vivuli vya majina yao huangukia juu ya yale 1,508.