Kwa nini kompyuta ya mtumba inang'ang'ania 640 kwa 480?

Boom limekata na semina zimebana, lakini leo naomba tupige historia kidogo. Sio ya Majimaji, hiyo tumeikariri tangu sekondari. Hii ni ya skrini ya kompyuta.

Kule kwetu Kyela kuna shule iliwahi kupewa kompyuta za mtumba. Zilikuwa na Windows 98, ila CD za draiva hazikuja. Ukiwasha, maandishi makubwa kama ya ubaoni, rangi 16 tu, picha zote kama zimepakwa tope. Ikasemwa ni mbovu, zikafungiwa stoo. Jamani, zilikuwa nzima! Zilikuwa zinaongea lugha ya 1987.

Tuanze na IBM PC ya 1981. Kadi yake ya rangi, CGA, ilitoa pikseli 320 kwa 200 kwa rangi 4. EGA ya 1984 ikafika 640 kwa 350, rangi 16. Mwaka 1987 ikaja VGA: 640 kwa 480 kwa rangi 16, au 320 kwa 200 kwa rangi 256. Mtu wa QBasic aliandika SCREEN 12 au SCREEN 13, basi. Aliyetumia lugha ya mashine aliita BIOS kwa intarapti 10h, akaitajia namba ya modi anayoitaka.

Modi 13h ilipendwa sana na watengeneza gemu, na sababu ni hesabu ya darasa la tano. 320 mara 200 ni pikseli 64,000, kila moja baiti moja. Dirisha ambalo programu ililitumia kuandika kwenye kadi lilikuwa na baiti 65,536. Picha nzima inaingia!

Sasa taka 640 kwa 480 kwa rangi 256. Hiyo ni baiti 307,200, dirisha ni lile lile. Waliosafiri na MV Songea enzi zake kutoka Itungi wanaelewa: meli inasimama majini, mahali hakuna gati, mitumbwi inabeba watu kidogo kidogo. Ndivyo programu ilivyofanya. Inajaza dirisha, inaiambia kadi isogeze sehemu nyingine ya kumbukumbu, inajaza tena. Safari tano kwa picha moja.

Kasheshe ni kwamba baada ya VGA kila kampuni ilijitungia yake. Tseng, Trident, Cirrus Logic, ATI, kila mmoja na namba zake za modi na namna yake ya kusogeza dirisha. Ukiandika programu kwa kadi hii, ile inakugomea. Mwaka 1989 makampuni, NEC ikiwa mbele, yakaunda VESA ili wakubaliane. Amri ikawa moja: 4F02h, halafu namba ya modi. 101h ni 640 kwa 480, 103h ni 800 kwa 600, 105h ni 1024 kwa 768, zote rangi 256. Toleo la 2.0 la 1994 likaleta gati lenyewe: kumbukumbu yote ya kadi inaonekana kwa mkupuo, mitumbwi basi.

Sisi tulikuwa wapi? Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, baada ya mradi wa kompyuta wa Wizara ya Fedha kuleta hasara. Masharti yalilegea taratibu. Kwa hiyo miaka ile ya CGA hadi VGA, wengi wetu tulikuja kuikuta kwenye mitumba.

Ndio maana nawaambia walimu wenzangu watarajiwa. Windows 98 ikikosa draiva inarudi kwenye 640 kwa 480, rangi 16, kwa sababu hapo ndipo kadi karibu zote zilipoelewana. Sio ugonjwa. Weka Linux nyepesi yenye draiva ya VESA, na kadi yenye megabaiti 1 tu inaweza kupanda hadi 1024 kwa 768 kwa rangi 256.

Kompyuta mpya zimeshaacha BIOS hiyo, zinatumia UEFI. Ila stoo za shule hazijaacha. Ukipangiwa field, kabla hujasaini kwamba mashine ni mbovu, iulize kwanza inajua modi gani.

Haya, naenda kugombea kiti maktaba. Tuonane kantini.